Vitamini na Antibaotiki: Zinaposaidiana na Zinapopingana Katika Vita Dhidi ya Usugu wa Dawa

Mgonjwa anapotoka katika duka la dawa akiwa na antibaotiki aliyoandikiwa, mara nyingi hubeba pia kitu ambacho daktari hakukiandika: pakiti ya multivitamini, vidonge vya kuongeza damu au kopo la vitamini C. Sababu zinazotolewa hufanana. Dawa ni kali, husemwa, hivyo mwili upewe nguvu. Au kwamba vitamini huichochea dawa ifanye kazi haraka. Limeongezeka pia dai jingine, kwamba vitamini zinaweza kuisaidia antibaotiki kuwashinda bakteria waliokwisha kuwa sugu.

Dai hilo si la kubezwa, kwa kuwa limetokana na tafiti za kweli. Hata hivyo, kati ya kilichoonekana maabara na kinachomfaa mgonjwa wa Temeke au Kahama upo umbali mkubwa. Kwa baadhi ya wagonjwa, vitamini fulani ni sehemu ya tiba na haipaswi kukosekana. Kwa walio wengi, vitamini za ziada hazibadilishi chochote katika mapambano na bakteria. Na lipo kundi la tatu, lisilozungumzwa sana, ambalo kidonge kinachouzwa kwa jina la vitamini huizuia antibaotiki kuingia mwilini kwa kiwango kinachotakiwa. Hapo ndipo usugu unapopata nafasi.

Ukubwa wa tatizo

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao katika nyaraka za sekta ya afya nchini hufupishwa UVIDA, ni hali ya bakteria, virusi, kuvu na vimelea vingine kuendelea kuishi mbele ya dawa iliyokuwa ikiviua. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionesha kuwa katika mwaka 2019 pekee, vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa nao. Nchi za Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara zilibeba mzigo mkubwa kuliko maeneo mengine kwa kulinganisha vifo na idadi ya watu. Septemba 2024, wakuu wa nchi na serikali waliokutana katika Umoja wa Mataifa walikubaliana kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030. Tanzania ilikuwa tayari na mpango kazi wa kitaifa wa kupambana na usugu, wa kwanza ukiwa wa mwaka 2017 hadi 2022 na wa pili ukianza mwaka 2023 hadi 2028.

Ni vyema kurekebisha kauli moja inayosikika sana, kwamba "mwili umeizoea dawa". Mwili hauzoei antibaotiki. Wanaobadilika ni bakteria. Miongoni mwa mamilioni ya bakteria waliomo katika kidonda au katika mapafu, wachache huweza kuwa na mabadiliko ya kinasaba yanayowawezesha kustahimili dawa kwa kiasi fulani. Dawa ikiwa ya kutosha, hata hao huuawa au hubaki wachache kiasi kwamba kinga ya mwili huwamaliza. Dawa ikiwa pungufu, wale dhaifu hufa, wale imara hubaki na kuzaana, na mgonjwa humwambukiza mwenzake bakteria ambao tayari wamechujwa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hilo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, wakati dawa hiyo ikiwa bado mpya kabisa. Hivyo basi, kila kitu kinachopunguza kiwango cha dawa mwilini ni rafiki wa usugu, kiwe ni dozi iliyokatishwa, kidonge bandia au, kama itakavyoonekana, kidonge halali cha madini kilichomezwa katika saa isiyofaa.

Kilichoonekana maabara

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walichapisha matokeo kuhusu bakteria aitwaye Burkholderia cenocepacia, anayesumbua hasa wagonjwa wenye ugonjwa wa kurithi wa mapafu. Bakteria huyo akikutana na antibaotiki hutoa nje ya mwili wake protini ndogo inayoidaka dawa kabla haijamfikia, mithili ya mlinzi anayesimama nje ya geti. Watafiti walibaini kuwa vitamini E hushikamana na protini hiyo katika nafasi ileile ambayo dawa ingeshikwa. Protini ikishajaa vitamini, dawa hupita na kufanya kazi yake. Ni ugunduzi wa kuvutia, na ndio chanzo cha habari nyingi zinazosambazwa zikisema kwamba vitamini ni silaha mpya dhidi ya usugu.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2013, watafiti wa Chuo cha Tiba cha Albert Einstein, New York, walikuwa wameonesha kuwa vitamini C huweza kuua vimelea vya kifua kikuu katika vyombo vya maabara, wakiwemo wale sugu. Vitamini hiyo, ikikutana na madini ya chuma, husababisha kuzalishwa kwa kemikali kali zinazoharibu kimelea. Na mwaka 2006 ilikuwa imeelezwa namna vitamini D inavyoziwezesha seli za kinga kutengeneza protini ya asili inayopambana na kimelea hichohicho. Kabla ya dawa za kifua kikuu kupatikana, wagonjwa walikuwa wakipelekwa kuota jua na kunyweshwa mafuta ya ini la samaki. Utafiti huo ulitoa maelezo ya kisayansi ya desturi hiyo ya zamani.

Zipo pia tafiti za maabara zenye matokeo ya upande wa pili, na hizi hazisambazwi kwa kasi ileile. Baadhi ya antibaotiki, ikiwemo siprofloksasini, huchangia kuua bakteria kwa kuzalisha ndani yake kemikali kali za namna hiyohiyo. Vitamini zinazozima kemikali hizo huweza kumkinga bakteria, na majaribio yaliyofanywa kwa bakteria aina ya Escherichia coli yalionesha hivyo. Vitamini C basi inaweza kuwa adui wa kimelea kimoja na ngao ya kingine, kutegemea dawa, kiwango na mazingira. Mtu anayeuza vitamini kama "kiongeza nguvu cha antibaotiki" bila kutaja ni antibaotiki gani, hajui anachouza.

Wagonjwa walipopimwa

Kipimo cha mwisho cha madai haya ni mgonjwa mwenyewe. Katika utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2011, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa vitamini D kwa wingi pamoja na dawa zao za kawaida. Muda wa makohozi kuwa safi haukupungua kwa kiwango cha kutosha kusema kwamba vitamini ilisaidia kundi lote. Nafuu ilionekana tu kwa wagonjwa wachache wenye aina fulani ya kinasaba.

Kwa vitamini C matokeo yalikuwa ya kusikitisha zaidi. Wagonjwa 872 waliokuwa katika vyumba vya uangalizi maalumu, wakiwa wamezidiwa na maambukizi hadi viungo kuanza kushindwa kufanya kazi, waligawanywa: nusu walipewa vitamini C kwa wingi kupitia mshipa pamoja na antibaotiki na tiba nyingine, nusu hawakupewa. Utafiti huo, ulioongozwa kutoka Canada na kuchapishwa mwaka 2022, ulionesha kuwa asilimia 44.5 ya waliopewa vitamini walifariki au walibaki na viungo vilivyoshindwa kufanya kazi hadi siku ya 28, ikilinganishwa na asilimia 38.5 ya wasiopewa. Tiba iliyodhaniwa haina madhara iliongeza hatari.

Matokeo yenye matumaini zaidi yalitoka hapa nyumbani. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Dar es Salaam uliohusisha wagonjwa 887 wa kifua kikuu cha mapafu, kati yao 471 wakiwa wanaishi na Virusi vya UKIMWI. Wote walipata dawa za kifua kikuu kama kawaida. Baadhi waliongezewa kidonge chenye vitamini A, vitamini za kundi B, C na E pamoja na madini ya seleniamu. Wengine walipewa kidonge kinachofanana lakini kisicho na kitu ndani. Vitamini hazikuonesha kupunguza vifo kwa kundi lote kwa kiwango cha kuaminika. Lakini uwezekano wa ugonjwa kurudi baada ya tiba ulipungua kwa asilimia 45, na kwa wanaoishi na Virusi vya UKIMWI ulipungua kwa asilimia 63. Maumivu na ganzi ya miguu na mikono yalipungua kwa zaidi ya nusu.

Takwimu hiyo ya ugonjwa kurudi inastahili kuangaliwa kwa makini. Mgonjwa ambaye kifua kikuu kimemrudia huanza dawa upya, na kila safari mpya ya tiba ni fursa nyingine kwa vimelea sugu kuchomoza. Vitamini katika utafiti huo hazikuua kimelea chochote. Zilijaza upungufu katika miili iliyodhoofishwa na ugonjwa na lishe duni, na mwili uliojengeka ukaimaliza kazi ambayo dawa iliianza. Wazo hilohilo lilipewa nguvu na utafiti wa jimbo la Jharkhand, India, uliochapishwa mwaka 2023: ndugu wa wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa mgao wa mchele, nafaka za jamii ya kunde na vidonge vya virutubishi walipata ugonjwa huo kwa kiwango cha chini kwa asilimia 39 kuliko wale ambao mgonjwa wao pekee ndiye aliyepewa chakula.

Wapo watakaouliza, kama kidogo kinafaa, si bora kuongeza? Swali hilo nalo lilipimwa Dar es Salaam. Zaidi ya watu 3,400 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI walipewa multivitamini, wengine kwa kiwango cha kawaida cha mahitaji ya siku na wengine kwa kiwango kikubwa. Utafiti ulisimamishwa mwaka 2009 kabla ya muda wake, baada ya vipimo vya damu kuonesha dalili za ini kuathirika zaidi kwa waliopewa kiwango kikubwa, bila faida yoyote ya ziada.

Vitamini iliyo sehemu ya tiba

Mfano ulio wazi kuliko yote wa vitamini inayotolewa pamoja na antibaotiki ni vitamini B6, iitwayo piridoksini, ambayo wagonjwa wanaotumia isoniazidi hupewa. Isoniazidi ni miongoni mwa dawa kuu za kifua kikuu na za kukizuia tangu mwaka 1952. Dawa hiyo huikamata vitamini B6 mwilini na kuitoa kwa njia ya mkojo. Mishipa ya fahamu ikikosa vitamini hiyo, nyayo huanza kuwaka moto, vidole hufa ganzi, na mgonjwa hushindwa hata kulala.

Walio katika hatari zaidi ni wajawazito, wanaoishi na Virusi vya UKIMWI, wenye kisukari, wenye utapiamlo, wenye matatizo ya figo au ini, na wanaokunywa pombe kwa wingi. Kiwango cha kinga kwa mtu mzima ni kidogo, kati ya miligramu 10 na 25 kwa siku. Vitamini hiyo haiongezi ukali wa dawa. Kazi yake ni kumwezesha mgonjwa kuvumilia dawa hadi siku ya mwisho, na katika kifua kikuu, ambacho tiba yake ya kawaida huchukua miezi sita, uvumilivu huo ndio unaotenganisha aliyepona na aliyetengeneza usugu. Mgonjwa aliyeacha dawa mwezi wa tatu kwa sababu ya miguu kuwaka moto hakushindwa na kifua kikuu. Alishindwa na upungufu wa kidonge kimoja kidogo. Ieleweke pia kuwa B6 ikitumiwa kwa wingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ileile ya fahamu inayotakiwa kuilinda, hivyo asiyeandikiwa hana sababu ya kuinunua.

Madini yaliyojificha ndani ya multivitamini

Jina "multivitamini" huficha jambo moja. Vidonge vingi vinavyouzwa kwa jina hilo vina madini pia: chuma, zinki, kalsiamu na magnesiamu. Madini haya yana manufaa yake, lakini yakikutana tumboni na aina mbili za antibaotiki hushikamana nazo na kuwa mchanganyiko ambao ukuta wa utumbo hauwezi kuufyonza. Dawa hupita moja kwa moja na kutoka na choo. Mgonjwa amemeza kidonge halisi, kwa saa sahihi, amemaliza dozi yote, na bado bakteria walipata sehemu tu ya dawa.

Aina ya kwanza ni jamii ya siprofloksasini, ambayo hutumika katika homa ya matumbo, maambukizi ya njia ya mkojo na kuharisha damu. Ndani ya jamii hiyo zimo pia levofloksasini na moksifloksasini, ambazo ni nguzo katika tiba ya kifua kikuu sugu. Aina ya pili ni jamii ya tetrasaiklini, ikiwemo doksisaiklini. Kwa siprofloksasini, vipimo vilivyofanywa kwa watu wenye afya mwishoni mwa miaka ya 1980 vilionesha kuwa vidonge vya madini ya chuma hupunguza dawa inayoingia katika damu kwa zaidi ya nusu, na multivitamini yenye zinki kwa takriban robo.

Fikiria basi mgonjwa wa kifua kikuu sugu. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu huwa na upungufu wa damu, na ndugu wenye mapenzi mema humnunulia vidonge vya kuongeza damu, ambavyo humezwa asubuhi pamoja na dawa zote nyingine ili kurahisisha hesabu. Dawa iliyokuwa tumaini lake la mwisho hufungwa tumboni kila siku, kwa miezi. Hakuna aliyekosea kwa nia. Hakuna tu aliyeuliza.

Suluhisho ni la saa, wala si la kuchagua kati ya dawa na madini. Siprofloksasini imezwe angalau saa 2 kabla ya kidonge chenye madini, au saa 6 baada yake. Anayetumia dawa hiyo mara mbili kwa siku, mathalani saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, atapata nafasi ya kidonge cha madini kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana. Kama matibabu ni ya siku 5 au 7 tu, ni rahisi zaidi kuviweka kando vidonge vya madini hadi dozi iishe, isipokuwa pale mtoa huduma aliposema viendelee. Kwa anayetumia levofloksasini, moksifloksasini au doksisaiklini, nafasi ya saa inatofautiana na mfamasia ndiye wa kuulizwa. Maziwa, mtindi na dawa za kutuliza asidi tumboni zenye magnesiamu au alumini nazo huingia katika tahadhari hii. Chai isiyo na maziwa haina tatizo hilo.

Amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini haziathiriwi na madini kwa namna hii. Anayetumia tetrasaiklini au doksisaiklini aepuke pia vitamini A kwa wingi, kwa kuwa zikiwa pamoja huweza kuongeza shinikizo ndani ya fuvu la kichwa na kuleta maumivu makali ya kichwa na kutoona vizuri.

Foliki asidi na dawa za salfa

Kuna dawa zilizobuniwa kwa kulenga vitamini yenyewe. Bakteria wengi hawawezi kuipata foliki asidi kutoka nje. Hulazimika kuitengeneza ndani ya miili yao. Binadamu haitengenezi, huipata katika mboga za majani, maharage na maini. Tofauti hiyo ndiyo iliyoziwezesha dawa za salfa, zilizoanza kutumika katika miaka ya 1930, kumdhuru bakteria bila kumdhuru mgonjwa. Mwaka 1940 ilibainika nchini Uingereza kuwa salfa hufanana na malighafi ambayo bakteria huitumia kutengeneza vitamini hiyo. Bakteria huichukua akidhani ni malighafi, na kiwanda chake husimama. Kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrini, hufunga kiwanda hicho katika hatua mbili tofauti.

Kwa kuwa bakteria wengi hawawezi kuingiza foliki asidi iliyotengenezwa tayari, kidonge cha foliki asidi kwa kawaida hakiwaokoi. Wapo wanaoweza, wakiwemo wa jamii ya enterokoki, na ndiyo sababu mojawapo ya kotrimoksazoli kutotegemewa dhidi yao.

Hali hii ina uzito wa pekee kwa wajawazito, ingawa kimelea kinachohusika hapa ni cha malaria na si bakteria. Dawa ya SP inayotolewa kliniki kuzuia malaria wakati wa ujauzito hufanya kazi kwa kanuni ileile ya kuziba njia ya foliki asidi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuwa mjamzito apewe miligramu 0.4 za foliki asidi kwa siku pamoja na madini ya chuma, na kwamba kiwango cha miligramu 5 au zaidi kisitolewe pamoja na SP kwa kuwa huidhoofisha. Kidonge cha miligramu 5 ni cha bei nafuu na hupatikana kirahisi, na macho hayawezi kutofautisha uzito wake. Mama mjamzito aliyepewa foliki asidi kliniki asiongeze nyingine ya kununua. Na aliyeandikiwa miligramu 5 kwa sababu maalumu, kama vile ugonjwa wa selimundu, amweleze mhudumu kabla ya kumeza SP.

Antibaotiki zinapopunguza vitamini

Athari huenda pia upande wa pili. Bakteria wema waishio katika utumbo hutengeneza sehemu ya vitamini K, inayohitajika ili damu igande. Antibaotiki zinazoua bakteria wa aina nyingi, zikitumiwa kwa muda mrefu na mgonjwa asiyekula vizuri, huweza kushusha kiwango cha vitamini hiyo hadi mgonjwa akaanza kutokwa na damu kwa urahisi. Wanaotumia warfarini ya kuzuia damu kuganda wako katika hatari zaidi na hawapaswi kuanza antibaotiki yoyote, wala kidonge chenye vitamini K, bila daktari wao kujua. Kwa mtu mwenye afya anayetumia antibaotiki kwa wiki moja na kula mchicha, kisamvu au matembele, hakuna haja ya kuongeza chochote.

Watoto: pale kirutubishi kinapochukua nafasi ya antibaotiki

Mchango mkubwa wa virutubishi katika kupunguza usugu huenda usiwe katika kuisaidia antibaotiki, bali katika kuifanya isihitajike. Kuharisha kwa watoto wadogo kwa sehemu kubwa husababishwa na virusi, ambavyo antibaotiki haiviui. Pamoja na hayo, mtoto akianza kuharisha, wazazi wengi hukimbilia dukani kutafuta sharubati ya antibaotiki. Mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walielekeza mtoto apewe maji yenye chumvichumvi ya ORS na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye umri wa miezi 6 au zaidi, na miligramu 10 kwa mwenye umri chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Zinki hufupisha ugonjwa na kupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi michache inayofuata.

Vitamini A nayo ina nafasi yake. Mtoto mwenye surua hupewa dozi mbili, leo na kesho, za yuniti 200,000 kama ametimiza mwaka mmoja, 100,000 kama ana miezi 6 hadi 11, na 50,000 kama yuko chini ya miezi 6, ili kumkinga na upofu na matatizo mengine ya ugonjwa huo. Matone yanayotolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ni ya kujenga mwili, na hayachukui nafasi ya antibaotiki kwa mtoto mwenye nimonia. Mtoto anayepumua kwa haraka au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa yeyote anayeandikiwa antibaotiki, taarifa moja isisahaulike katika chumba cha daktari na katika dirisha la dawa: orodha ya vidonge vyote anavyotumia, vikiwemo vya kuongeza damu, vya lishe, vya tiba asili na vya kutuliza asidi. Vidonge hivyo vipelekwe na paketi zake, kwa kuwa kiasi cha madini huandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Mtu akipata madhara yoyote yasiyo ya kawaida, ayaripoti kwa mtoa huduma ili taarifa iifikie Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Kwa mzazi ambaye mtoto wake anaharisha damu, maelekezo ni tofauti na ya kuharisha kwa kawaida. Hapo antibaotiki inahitajika, na mara nyingi ni siprofloksasini, ikiandikwa pamoja na zinki. Dawa hizi mbili zisichanganywe katika kijiko kimoja: zinki itolewe angalau saa 2 baada ya siprofloksasini, na iendelee hadi siku ya 10 au zaidi kama ilivyoelekezwa, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.